Kutoka Mbagala hadi Benchi la Taifa: Historia ya Kocha wa Nyumbani

Oktoba 20, 2013, Uwanja wa Taifa, Temeke. Filimbi ya mapumziko ilipopulizwa, Yanga ilikuwa imeshaifunga Simba mabao matatu bila jibu. Mrisho Ngassa alifunga moja, Hamis Kiiza mawili. Kwenye benchi la Simba alikuwa Abdallah Kibadeni, mzaliwa wa Mbagala, mtu ambaye miaka 36 nyuma aliifunga Yanga hiyohiyo mabao matatu peke yake. Baada ya mapumziko aliwaingiza vijana wawili, Said Ndemla na William Lucian, na mchezo ukageuka. Betram Mombeki akafunga. Joseph Owino akafunga. Zikiwa zimebaki dakika chache, Gilbert Kaze akasawazisha. Simba 3, Yanga 3.

Kabla mwaka ule haujaisha, Kibadeni hakuwa tena kocha wa Simba. Kiti chake kilichukuliwa na Zdravko Logarusic wa Croatia.

Mambo hayo mawili, kurudisha mabao matatu na kuondoka wiki chache baadaye, yanaeleza kazi ya kocha wa nyumbani kuliko jedwali lolote la ligi. Jiji la Dar es Salaam limezaa makocha kwa miongo mingi. Wametoka kwenye viwanja vya mchanga vya Temeke na Kinondoni, kwenye madarasa, kambi za jeshi na viwanda vya Chang'ombe. Wamefundisha kwa ustadi, na baadhi ya siku kubwa kabisa za soka la Tanzania zimepatikana wao wakiwa kwenye benchi. Lakini tangu uhuru wamezoeshwa kukaa pembeni, kuitwa nyumba inapoungua na kushukuriwa moto unapozimika. Historia yao inastahili kusimuliwa kwa mpangilio, maana kwa kawaida husimuliwa vipandevipande, jina moja leo na jingine kesho.

Soka la Dar es Salaam lilianza bila kocha. Mpira uliletwa na shule za misheni, maofisa wa kikoloni na mabaharia, na kufikia miaka ya 1930 vijana wa mjini walikuwa na klabu zao. Young Africans, yaani Yanga, ilizaliwa Februari 11, 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyokuja kujulikana kama Sunderland, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina na kuwa Simba. Wachezaji walikuwa makarani, wapagazi wa bandarini, mafundi na wanafunzi. Timu ilipangwa na nahodha pamoja na wazee wa klabu, na mazoezi yalifanyika jioni baada ya kazi. Aliyejua kufundisha mpira, mara nyingi, ni yule aliyekuwa anafundisha hesabu au kusoma asubuhi. Mwalimu wa shule alikuwa na vitu vitatu ambavyo klabu ilivihitaji: filimbi, sauti inayosikilizwa na vijana, na uwanja wa shule.

Mfumo huo mdogo ulileta matokeo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilianza kushiriki Kombe la Gossage, mashindano ya nchi za Afrika Mashariki yaliyoanza kati ya Kenya na Uganda mwaka 1926. Ikalitwaa mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951.

Uhuru ulibadilisha ramani ya mchezo. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Tanganyika ilipandishwa katika uwanja mpya uliojengwa upande wa Temeke, unaoitwa leo Uwanja wa Uhuru. Kuanzia hapo kitovu cha soka la nchi kilisogea kutoka Ilala kuelekea barabara za Chang'ombe, Keko na Kurasini. Mtoto wa Temeke aliweza kwenda kwa miguu kuiona timu ya taifa. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965 na Sunderland ikawa bingwa wa kwanza. Mwaka 1967 ubingwa ulikwenda kwa Cosmopolitan, na Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Mchezo ukawa jambo la serikali, na suala la nani afundishe timu likawa, kwa kiasi fulani, suala la siasa za nje.

Ndipo walipokuja makocha wa urafiki. Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa na marafiki wa Mashariki na wa Magharibi, na kila upande ulikuwa tayari kutuma mwalimu wa mpira kama ulivyotuma daktari au mhandisi. Yanga ilimpata Profesa Victor Stanculescu kutoka Romania. Timu ya taifa, katika miaka ya 1970, ilipita mikononi mwa Mwingereza Jeff Hudson na Mjerumani Bert Trautmann. Huyu Trautmann alikuwa na historia ya ajabu. Alikuwa askari wa miamvuli wa Ujerumani aliyetekwa katika vita, akabaki Uingereza, akawa kipa wa Manchester City, na katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1956 akacheza hadi mwisho akiwa amevunjika shingo. Shirikisho la soka la Ujerumani Magharibi lilimtuma katika nchi kadhaa zinazoendelea, na mwaka 1975 alikuwa Tanzania.

Itakuwa dhuluma kusema wageni hao hawakuacha kitu. Stanculescu aliacha kikubwa. Aliikuta Yanga ikiwa timu ya watu wazima waliokwisha kutwaa ubingwa mara nyingi, akaangalia chini. Alikusanya vijana, akawafundisha kwa ratiba, akawapandisha kidogokidogo. Kina Juma Pondamali na Mohamed Rishard "Adolf" ni matunda ya kizazi hicho. Somo lake kubwa lilikuwa kwamba timu hujengwa miaka mitano kabla ya kombe, na waliolipokea vizuri zaidi walikuwa wachezaji wenyewe, ambao baadaye wengi wao walishika filimbi.

Lakini utegemezi nao ulikuwa na gharama. Baada ya Stanculescu, Yanga ilimchukua Tambwe Leya kutoka Zaire, na katikati ya miaka ya 1970 mgogoro mkubwa ukaizunguka klabu, kocha akiwa katikati yake: wapo waliomtaka, wapo waliompinga. Kundi la nyota, wakiwamo ndugu Kitwana na Sunday Manara, liliondoka. Likapitia Nyota Afrika ya Morogoro, kisha ikazaliwa Pan African. Mwaka 1982 klabu hiyo ya waliohama ilitwaa ubingwa wa Tanzania. Sunday Manara mwenyewe, aliyeitwa Kompyuta, alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Mvutano juu ya benchi uliigawa klabu kubwa kuliko zote nchini, na ulionyesha jinsi kocha alivyokuwa amekuwa mtu mzito katika maisha ya jiji.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, kulikuwa na njia nyingine ya kumlea kocha. Nchini Marekani, katikati ya karne iliyopita, vyuo vidogo viliajiri mtu mmoja afundishe darasani na pia afundishe michezo yote mikubwa. Clarence Gaines alikabidhiwa timu za chuo cha walimu cha Winston-Salem, North Carolina, mwaka 1946, chuo cha Wamarekani weusi katika zama za ubaguzi. Alifundisha mpira wa miguu wa Kimarekani na mpira wa kikapu kwa pamoja, kisha akabaki na kikapu hadi alipostaafu mwaka 1993 akiwa na ushindi wa michezo 828. Mwaka 1967 alikuwa kocha wa kwanza kukipatia chuo cha weusi ubingwa wa kitaifa wa kikapu wa NCAA. Miaka 47 katika chuo kimoja! Alipoteza michezo mingi, kama kocha yeyote, lakini chuo hakikumwondoa, kwa sababu alikuwa mwalimu wake kabla ya kuwa kocha wake.

Dar es Salaam iliikaribia njia hiyo. Hatua chache kutoka Uwanja wa Uhuru kipo kilichokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe, ambacho mwaka 2005 kiligeuzwa kuwa DUCE, chuo kikuu kishiriki. Kule Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara yake ya elimu ya viungo, na humo alifundisha mhadhiri aliyejulikana mtaani kuliko darasani: Syllersaid Mziray, aliyeitwa Super Coach. Mziray alizifundisha Simba na timu ya taifa, Taifa Stars. Alikuwa msomi aliyeweza kueleza kwa nini misuli huchoka na kwa nini beki husogea, na alionyesha kwamba ukocha ni fani inayosomewa. Wachezaji wengi wa miaka ya 1980 na 1990 walipita mikononi mwake.

Kinondoni nayo ilikuwa na Makongo. Shule ya Sekondari Makongo, iliyo chini ya jeshi, ilipata sifa ya kulea vipaji wakati wa mkuu wake, Kanali Iddi Kipingu. Kipa Juma Kaseja alipita hapo. Kijana mmoja mrefu kupita kiasi, Hasheem Thabeet, naye alisoma Makongo. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, akavuka mpaka kwenda Laiser Hill Academy nchini Kenya, kisha Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika orodha nzima ya NBA. Kwa kikapu cha Dar es Salaam, ambacho kimeishi kwa jitihada za klabu kama Pazi, Vijana na Savio, hiyo ilikuwa heshima isiyo kifani. Ilionyesha pia jinsi malezi ya mchezo yanavyotegemea shule yenye mtu wa kuamka alfajiri na vijana.

Siku kubwa ya kwanza ya kocha wa nyumbani ilifika mwaka 1979. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Kampala ilianguka Aprili mwaka huo, fedha zilikuwa zimekwisha na bidhaa zilikuwa adimu madukani. Taifa Stars ilikuwa inawania nafasi ya kwenda fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Benchi lake lilikuwa na Slawomir Wolk wa Poland na Mtanzania Joel Bendera. Zambia ilifungwa 1-0 Dar es Salaam, na Agosti mechi ya marudiano ikachezwa Ndola. Sare ilitosha, lakini Zambia ilitangulia kufunga, na kwa muda mrefu ilionekana safari ingeishia hapo. Mchezo ukiwa unaelekea ukingoni, Peter Tino akasawazisha. Redio zilikesha.

Fainali zilichezwa Nigeria, Machi 1980. Stars ilifungwa 3-1 na wenyeji, ambao ndio walioondoka na kombe, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Nahodha alikuwa Leodegar Tenga, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye miaka mingi baadaye aliliongoza shirikisho la soka. Wolk alirudi kwao. Bendera alibaki, na jina lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu kama kocha aliyeipeleka Tanzania Afrika. Baadaye aliingia siasa, akawa mbunge wa Korogwe Mjini, naibu waziri aliyeshughulikia michezo, kisha mkuu wa mkoa wa Morogoro na wa Manyara. Alifariki Desemba 2017. Stars ilirudi fainali hizo mwaka 2019, baada ya miaka 39.

Kwa nini pengo liwe refu hivyo? Sababu moja ipo kwenye mshahara. Katika miaka ya ujamaa, kocha na mchezaji waliishi kwa ajira ya shirika la umma. Chang'ombe na Kurasini, maeneo ya viwanda na bandari, yalikuwa na timu zenye majina ya waajiri wao: Sigara, Bandari na nyinginezo, na upande wa Ubungo kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Urafiki na timu yake. Kocha wa timu ya kiwanda alikuwa na namba ya kazi, nyumba na matibabu, na akifungwa Jumamosi, Jumatatu alirudi kazini. Alikuwa na muda wa kujenga. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulipofika, waajiri wapya hawakuona sababu ya kulisha timu. Timu nyingi za mashirika zilififia, na pamoja nazo ikapotea ngazi ambayo kocha kijana aliitumia kupanda. Zikabaki klabu mbili kubwa, na klabu kubwa hazina subira.

Humo ndimo Kibadeni alimofanyia kazi. Alizaliwa mwaka 1949, akakulia katika Mbagala iliyokuwa bado mashamba ya minazi na mikorosho pembeni ya jiji. Alikuwa mshambuliaji mfupi mwenye akili nyingi, na watu walimwita King. Alikuwamo katika Simba iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Julai 19, 1977, Simba iliifunga Yanga 6-0. Jumanne Hassan "Masimenti" alifunga mawili, Yanga ikajifunga moja, na Kibadeni akafunga matatu. Kwa mashabiki wa Simba, ambao walikuwa wamebeba aibu ya 5-0 tangu mwaka 1968, deni lilikuwa limelipwa na chenji ikabaki.

Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi kwa jina lake. Yeye alichagua kufundisha, na mwaka 1993 aliifikisha Simba mahali ambapo hakuna klabu ya Tanzania ilikuwa imewahi kufika: fainali ya mashindano ya Afrika. Katika Kombe la CAF la mwaka huo Simba iliwatoa wapinzani wa Algeria na Angola, kisha katika fainali ikaenda Abidjan ikatoka sare ya bila kufungana na Stella ya huko. Kipa alikuwa Mohamed Mwameja. Mbele alikuwapo Edward Chumila. Novemba, Uwanja wa Taifa wa zamani ulijaa pomoni, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwapo. Stella ikashinda 2-0. Wapo mashabiki ambao hadi leo hawataki kuizungumzia siku ile. Hata hivyo kikosi kile kilikuwa cha wachezaji wa nyumbani kikiongozwa na mwalimu wa nyumbani, na kilifanya jambo kubwa kwa klabu ya nchi hii.

Baada ya hapo Kibadeni aliendelea kufundisha kokote kazi ilikopatikana. Alikuwa Kagera Sugar, mbali na jiji, kabla Simba haijamwita tena mwaka 2013. Alianzisha pia kituo cha kulea vijana. Hiyo ndiyo njia ya makocha wengi wa kizazi chake: timu ya mkoani, timu ya jeshi, klabu kubwa kwa miezi michache, kisha kurudi kwa watoto.

Na watoto wapo. Anayepita Mwembe Yanga jioni, au viwanja vilivyobaki wazi Tandika, Mwananyamala na Manzese, ataona makocha ambao hawana cheti wala mshahara. Wanagawa vizibao vilivyochakaa, wanachora mfumo mchangani kwa kijiti, wanamfuata mzazi nyumbani kumwombea mtoto ruhusa. Kutoka soka la mchangani la Temeke ilipanda Mbagala Market, ambayo baadaye iliuzwa ikawa African Lyon. Kinondoni iliifikisha timu yake ya manispaa, KMC, Ligi Kuu mwaka 2018. Chamazi ilipata Azam, klabu iliyojenga uwanja wake na mwaka 2014 ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo, chini ya Joseph Omog wa Cameroon. Vipaji vya ligi nzima vimepita kwa makocha hawa wa mitaani, na ni nadra klabu inayosajili mchezaji kumkumbuka aliyemfundisha kupiga pasi ya kwanza.

Huko juu, desturi ya zamani imeendelea. Mwaka 2006 serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilimlipa Marcio Maximo wa Brazil, na Maximo aliamsha hamasa ya taifa zima. Walifuata Wadenmark wawili na Mholanzi Mart Nooij. Nooij alipofungwa 3-0 na Uganda mwaka 2015, aliitwa Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga. Alipata sare na Nigeria, akatoka 2-2 na Algeria Dar es Salaam, kisha akafungwa 7-0 Blida. Mwaka 2022 Simba ilipoachwa na kocha wake msimu ukiwa ndio unaanza, ilimchukua Juma Mgunda kutoka Coastal Union. Akaifikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Januari akaletwa Mbrazili Roberto Oliveira.

Mfano wa karibuni ni wa Hemed Suleiman, anayejulikana kama Morocco. Januari 2024, katikati ya fainali za Mataifa ya Afrika, Adel Amrouche alisimamishwa na Morocco akakabidhiwa timu. Ilitoka sare na Zambia, kisha na DR Congo. Novemba 19 mwaka huo, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Simon Msuva aliifunga Guinea na Tanzania ikafuzu fainali za 2025. Agosti 2025 Morocco aliifikisha timu ya wachezaji wa ndani robo fainali ya CHAN, mbele ya watu wake. Miezi mitatu baadaye, wiki chache kabla ya fainali alizoifuzisha nchi, shirikisho liliachana naye na timu akapewa Miguel Gamondi wa Argentina.

Gamondi ni kocha mzuri. Aliipa Yanga ubingwa. Suala ni mkataba. Mgeni huja na miaka miwili, wasaidizi wake, na haki ya kupoteza mechi tatu mfululizo akiwa anajenga. Mkwasa, Mgunda na Morocco walipewa timu katikati ya safari. Shirikisho na klabu zinaweza kuanza na jambo moja linalopimika: kumpa Mtanzania mmoja mwenye leseni ya juu msimu wa maandalizi, usajili wake mwenyewe na miaka miwili kamili, kisha kumhukumu kwa kazi hiyo. Tangu ligi ianze mwaka 1965, makocha wa Temeke na Kinondoni walioipata nafasi hiyo katika klabu kubwa ni wachache mno.